Kambi ya Likizo na Kijana Mwenye Sonona



Mwaka 2005, kaskazini mwa Uganda, zaidi ya watu milioni moja walikuwa wakiishi katika kambi za wakimbizi wa ndani. Vita vya Joseph Kony na wapiganaji wake wa LRA vilikuwa vimewang'oa mashambani mwao. Katika kambi mbili karibu na mji wa Gulu, vijana 314 wa Kiacholi wenye umri wa miaka 14 hadi 17, wote wakiwa na dalili za sonona na fadhaa, waligawanywa kwa kura katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza lilikutana mara moja kwa wiki, kwa wiki 16, kuzungumza. Walikaa katika makundi madogo, wasichana peke yao na wavulana peke yao, wakiongozwa na mtu wa kwao aliyefunzwa kazi hiyo. Fungu la pili lilipewa michezo kwa muda uleule: muziki, uchoraji, hadithi, mashindano. Fungu la tatu liliambiwa lisubiri zamu yake.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2007 katika jarida la kitabibu la JAMA na Paul Bolton, Helen Verdeli na wenzao, walioifanya kazi hiyo pamoja na mashirika ya World Vision na War Child Holland. Wasichana waliozungumza walipata nafuu kubwa ya sonona. Kwa wavulana waliozungumza, nafuu ilikuwa ndogo kiasi kwamba takwimu hazikuweza kuithibitisha. Ama wale waliocheza, sonona yao haikupungua kuliko ya wenzao waliokuwa wakisubiri tu.

Kila anayefikiria kuwaandalia kambi vijana waliovunjika moyo hana budi kuanzia hapo. Fikra iliyozoeleka husema mtoto akiwa na huzuni atolewe nje, apate hewa safi, apige mpira, aimbe, achangamke. Vijana wa Gulu walicheza kwa miezi minne, na sonona ikabaki palepale. Mhadhara huu una dai moja: kambi humsaidia kijana mwenye sonona pale tu inapompa mazungumzo yenye mpangilio, kiongozi aliyefunzwa na anayesimamiwa, na njia iliyoandaliwa ya kurudi nyumbani. Ngoma na mpira vina nafasi yake, lakini havibebi mzigo huo peke yake.

Sonona inavyojificha

Sonona ni ugonjwa. Huzuni ya msiba au ya kushindwa mtihani hupanda na kushuka, na kicheko hupenya katikati yake. Sonona hukaa wiki mbili na zaidi, takriban siku nzima, karibu kila siku, na hunyang'anya ladha ya mambo ambayo mtu aliyapenda. Kwa mtu mzima dalili zake hutambulika upesi kidogo. Kwa kijana huvaa sura nyingine: hasira za ghafla, tumbo au kichwa kisichoisha kuuma, alama zinazoporomoka, usingizi wa kupindukia au kukosa usingizi kabisa, kuacha timu bila sababu ya kueleweka. Mwalimu humwona mkaidi. Nyumbani huitwa mvivu. Matroni wa bweni humkuta kitandani wenzake wakiwa prepu, na jina lake huandikwa katika orodha ya adhabu.

Wala si watoto wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mmoja kati ya kila vijana saba wa miaka 10 hadi 19 ana ugonjwa wa akili wa aina fulani, na sonona imo katika mstari wa mbele. Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa ulioongozwa na kituo cha APHRC cha Nairobi ulikuta kuwa asilimia 44.3 ya vijana wa miaka 10 hadi 17 walikuwa na tatizo la afya ya akili katika mwaka uliotangulia, na asilimia 12.2 walitimiza vigezo vya ugonjwa kamili. Katika shule ya wanafunzi 600 hao ni zaidi ya 70, karibu madarasa mawili. Idadi hiyo haiwezi kuhudumiwa na daktari wa akili anayepatikana katika hospitali za Mathari, Mirembe, Butabika au Kidongo Chekundu, hata kama kila mzazi angekuwa na nauli ya kumfikisha mwanawe huko. Ndiyo sababu likizo, na mikusanyiko ya vijana ambayo tayari ipo, inastahili kutazamwa kwa makini.

Mila ya kuwatoa vijana nyumbani

Wazo la kumtenga kijana na nyumbani kwa muda ili arudi akiwa mwingine ni la kale Afrika Mashariki. Kumbi la jando lilikuwa na walezi wake, nyimbo zake, mafunzo yake na siku yake ya kutoka, ambapo mwali alirudishwa kwa ngoma, nguo mpya na karamu. Katika baadhi ya jamii kumbi lenyewe lilichomwa moto, pasibaki pa kurejea. Mambo mengine ya mila hizo yaliwaumiza watoto, na hayo hayafai kutetewa. Lakini walioziendesha walijua kuwa siku ya kutoka ina uzito sawa na siku ya kuingia.

Kambi ya likizo ya kisasa ina ukoo mwingine. Mwaka 1861 mwalimu Frederick Gunn wa Connecticut, Marekani, aliwatembeza wanafunzi wake hadi pwani na kupiga nao kambi kwa wiki mbili. Mwaka 1907 Robert Baden-Powell alifanya kambi ya majaribio kisiwani Brownsea, Uingereza, na skauti ikazaliwa; mwasisi huyo alizikwa Nyeri, Kenya, mwaka 1941. Miaka ya mwanzo ya 1950 shule ya Outward Bound ilifunguliwa Loitokitok, chini ya Kilimanjaro, ili kuwakomaza vijana kwa milima na shida. Leo kijana wa Tanzania anaijua kambi ya michezo ya UMISSETA, kambi ya wanafunzi Wakristo ya UKWATA au TYCS, kambi ya skauti, na kambi ya masomo kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Kwa hiyo mahema yapo, mabweni yapo, wapishi wapo. Kinachohitaji kuulizwa ni nini kinatendeka ndani yake.

Onyo kutoka Massachusetts

Mwaka 1939, katika miji ya Cambridge na Somerville, jimboni Massachusetts nchini Marekani, ulianza mradi uliobuniwa na daktari Richard Cabot kwa nia njema kabisa. Wavulana 506 walipangwa katika jozi, kila mmoja na mwenzake wa umri, familia na tabia zinazofanana naye. Sarafu ilirushwa. Mmoja wa jozi aliingia katika mradi: alitembelewa nyumbani na mshauri, akasaidiwa masomo, akatibiwa, na wengi wao wakapelekwa kambi za kiangazi. Mwenzake aliachwa na maisha yake ya kawaida. Msaada ulidumu, kwa wastani, kama miaka mitano.

Miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord aliwatafuta wavulana hao, sasa wanaume wa makamo. Theluthi mbili ya waliosaidiwa walisema mradi uliwafaa. Kumbukumbu za mahakama, hospitali na vifo zilisema kinyume chake: waliosaidiwa walikuwa na rekodi mbaya kuliko wenzao wa jozi katika ulevi, dalili za ugonjwa mkali wa akili, kurudia uhalifu, na hata kufa mapema. Alitangaza hayo mwaka 1978. Mwaka 1999, akiandika na Thomas Dishion na François Poulin, alionyesha mahali madhara yalipolundikana: kwa wavulana waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja.

Kwa nini kambi? Dishion alikuwa amerekodi mazungumzo ya vijana wa kiume wakiwa wawili wawili na kuyachambua. Mmoja akisimulia uvunjaji wa sheria, mwenzake alicheka, na kicheko hicho kilikuwa malipo. Pale kicheko cha namna hiyo kilipotawala, tabia mbaya iliongezeka miaka iliyofuata. Kusanya vijana wenye shida, waache peke yao jioni nzima, na watafundishana walichonacho.

Sonona nayo ina njia yake ya kuambukizana mazoea. Mwaka 2002 mtafiti Amanda Rose alieleza hali ya marafiki wanaochimbua tatizo lilelile kila siku, wakiliangalia kutoka kila upande, bila kufikia hatua yoyote. Urafiki wao huwa wa karibu sana, na huzuni yao huzidi vilevile. Kwa hiyo kuzungumza kwenyewe, bila dira, hakutoshi pia. Mkesha wa machozi kuzunguka moto wa kambi, ambapo kila kijana anasukumwa kusimulia jeraha lake mbele ya watu 80, unaweza kuonekana wa kugusa sana usiku huo. Asubuhi yake kijana amebaki uchi mbele ya watu asiowajua, na hakuna aliyemwonyesha pa kuanzia.

Mazungumzo yanayoponya yana umbo

Wasichana wa Gulu walikuwa wakifanya nini tofauti? Njia yao inaitwa tiba ya mahusiano kwa makundi. Asili yake ni kazi ya Gerald Klerman na Myrna Weissman wa Marekani katika miaka ya 1970, lakini ilipata umbo jipya katika wilaya za Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, ambako UKIMWI ulikuwa umeacha makaburi na mayatima kila kijiji. Jaribio la huko lilifanyika katika vijiji 30. Kabla ya tiba, asilimia 86 ya walioingia makundini walikuwa na sonona kamili. Baada ya wiki 16 walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupata makundi, bado zaidi ya nusu, asilimia 54.7, walikuwa nayo. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2003, na tangu 2013 shirika la StrongMinds limekuwa likiieneza njia hiyo nchini Uganda. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2016.

Umbo la kikao ni rahisi kulieleza. Kila mmoja huanza kwa kusema wiki yake ilikuwaje na ukali wa sonona yake ulikuwa kiasi gani. Kiongozi humsaidia kuona lini ilipanda na nini kilitokea siku hiyo. Shida hutafutwa katika maeneo manne: msiba, ugomvi na mtu wa karibu, mabadiliko makubwa ya maisha, au upweke. Kisha kundi humsaidia kuchagua hatua moja ya kujaribu kabla ya kikao kijacho, na mara nyingine humfanyisha mazoezi ya maneno atakayosema.

Tuseme msichana wa kidato cha pili amefiwa na baba na sasa anaishi kwa mjomba. Anagombana na mke wa mjomba kuhusu kazi za jioni, analala saa saba usiku, na hisabati, somo alilolipenda, limemshinda. Mwanzoni anachosema ni kwamba yeye ni mjinga. Kundi likimuuliza vizuri, linagundua kuwa hajawahi kupewa nafasi ya kumlilia baba yake, na kwamba ugomvi wa jioni una dawa ndogo: kumwomba mjomba saa moja ya masomo kabla ya kuosha vyombo. Anaigiza ombi hilo mbele ya wenzake, mmoja akiwa mjomba. Wiki inayofuata anarudi na jibu. Hapo ndipo nafuu huanzia, katika kitu alichokifanya mwenyewe na kikaleta badiliko analoliona.

Ama wavulana, jaribio la Gulu linadai unyenyekevu. Huenda mvulana aliyelelewa kuamini kuwa kulia ni aibu hafunguki upesi katika duara la viti. Kambi ina nafasi ambayo chumba cha kikao hakina: kuchanja kuni pamoja, kuchota maji, kupanda kilima. Wavulana wengi huongea wakitazama mbele, si wakitazamana. Kiongozi mwerevu huanzisha mazungumzo yenye umbo lilelile njiani, kisha huyamalizia kikaoni.

Nani aongoze

Swali hili huwatisha walimu wengi kiasi cha kuacha kabisa. Majibu ya Afrika yanatia moyo. Huko Mbare, kitongoji cha Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mtaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakitatua tatizo moja kwa wakati. Jaribio la watu wazima 573, lililochapishwa mwaka 2016, lilionyesha kuwa baada ya miezi sita chini ya asilimia 14 ya waliokaa na bibi hao walikuwa bado na sonona, dhidi ya karibu asilimia 50 ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limefika hadi Zanzibar.

Kwa vijana wenyewe, mfano ulio karibu zaidi ni Shamiri ya Kenya, iliyoanzishwa na Tom Osborn na wenzake. Viongozi wake ni vijana waliomaliza sekondari karibuni, waliopewa mafunzo ya saa kumi tu na kisha kusimamiwa. Vikao ni vinne, kimoja kwa wiki, cha saa moja, baada ya masomo. Vinahusu imani kwamba mtu anaweza kubadilika, shukrani, na mambo ambayo kijana anayathamini maishani. Neno ugonjwa halitajwi, ili anayehudhuria asinyooshewe kidole. Katika jaribio la wanafunzi 413 wa miaka 12 hadi 19 lililochapishwa mwaka 2021, kundi la kulinganisha lilipewa mafunzo ya mbinu za kusoma kwa muda uleule. Sonona na wasiwasi vilipungua zaidi kwa waliopata Shamiri, na tofauti ilikuwa bado inaonekana miezi saba baadaye.

Saa kumi za mafunzo zinamtosha kiongozi wa vikao vinne vyenye mwongozo ulioandikwa, akiwa na mtaalamu wa kumrudia kila wiki. Hazimtoshi mtu anayejitungia. Kambi inayosema imeajiri washauri inapaswa kuonyesha mwongozo wao, na kumtaja msimamizi wao.

Kambi inatoa nini ambacho darasa haliwezi

Kama vikao vinaweza kufanyika shuleni, kambi ya nini? Yapo mambo manne ambayo siku kumi mbali na nyumbani huyatoa kwa urahisi kuliko mahali pengine.

La kwanza ni usingizi. Saa ya mwili ya kijana husogea mbele. Usingizi humjia usiku zaidi kuliko mtoto mdogo au mzazi wake, na bado anahitaji saa nane hadi kumi. Ratiba za shule za bweni humwamsha kabla ya alfajiri na kumweka prepu hadi usiku. Kambi inaweza kumpa saa tisa za kulala na mwanga wa asubuhi, na kwa baadhi ya vijana hilo peke yake hupunguza hasira na uchovu. Kambi inayowaamsha watoto saa kumi usiku ili kuwajengea nidhamu inatupa dawa yake nje.

La pili ni simu kupumzika. Watafiti wa California, wakiongozwa na Yalda Uhls, waliwachunguza wanafunzi 51 wa darasa la sita waliokaa siku tano kambini bila skrini za aina yoyote. Waliporudi walisoma hisia katika nyuso za watu vizuri zaidi kuliko wenzao waliobaki na simu na runinga zao. Utafiti huo, wa mwaka 2014, ni mdogo, nao haukupima sonona. Lakini kijana aliyejitenga anahitaji ustadi huohuo ili aweze tena kukaa na watu.

La tatu ni kazi yenye matokeo yanayoonekana. Sonona humwambia mtu kwamba hana faida. Kupika ugali wa watu 40 na kuuona ukiliwa ni ushahidi wa kinyume chake, na matabibu wa sonona hutumia kanuni hiyohiyo wanapompangia mgonjwa shughuli ndogondogo za kila siku kabla hata hajajisikia kuzifanya. Hapa ndipo mpira, ngoma na kwaya hupata kazi yao ya kweli: vinampa kijana pa kujaribu yale aliyoyapanga katika kikao.

La nne ni umbali. Kwa kijana ambaye shida yake inaishi ndani ya nyumba yake, siku chache za kulala bila hofu humpa nafasi ya kufikiri.

Mipaka isiyovukwa

Kambi pia imewaua watoto. Februari 2024 mvulana wa miaka 12 alifariki usiku wa kwanza baada ya kufikishwa katika kambi ya tiba ya porini huko North Carolina, Marekani, na mwaka huohuo jimbo likaifutia kambi hiyo leseni. Tayari mwaka 2007 ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani ilikuwa imetoa ripoti juu ya vifo na mateso katika vituo vya kurekebisha vijana, na Desemba 2024 ilisainiwa sheria inayoagiza utafiti kuhusu vituo hivyo. Nairobi nayo inajua vituo vinavyopokea vijana wa Kisomali waliozaliwa Ulaya na Amerika Kaskazini, wakaletwa na wazazi kwa hila au kwa nguvu ili warekebishwe. Waliotoka humo wamesimulia kufungiwa na kupigwa. Kijana anayeletwa kwa kudanganywa hajaja kutibiwa. Ridhaa yake, simu ya kumpigia mzazi, na mlango usiofungwa kwa nje ni masharti ya kwanza ya kambi yoyote.

Mpaka wa pili ni ukali wa ugonjwa. Sonona kali inahitaji kliniki. Katika jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2004, vijana 439 wa miaka 12 hadi 17 waligawanywa kwa kura. Baada ya wiki 12, asilimia 71 ya waliopata dawa ya fluoksetini pamoja na tiba ya mazungumzo walikuwa wamepata nafuu kubwa. Waliopata dawa peke yake walikuwa asilimia 61, mazungumzo peke yake asilimia 43, na kidonge kisicho na dawa asilimia 35. Kijana aliyeacha kula, anayesikia sauti, au anayetaka kufa asipelekwe kambini kwanza, apelekwe hospitalini. Na anayetumia dawa asizikatishe kwa sababu kambi ina maombi au hewa nzuri.

Kuhusu kutaka kufa, watu wazima huogopa kuuliza, wakidhani swali litapanda wazo. Mwaka 2005 Madelyn Gould na wenzake walichapisha jaribio la wanafunzi 2,342 katika shule sita za jimbo la New York. Walioulizwa waziwazi hawakufadhaika kuliko wasioulizwa, na waliokuwa na sonona walionekana kupata ahueni kidogo. Kila kijana anayeandikishwa kambini aulizwe faraghani na mtu aliyefunzwa. Dodoso la sonona la maswali tisa linalotumika duniani lipo kwa Kiswahili, na swali lake la mwisho ni hilohilo. Sheria nazo zinaanza kulainika: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinapingana na Katiba. Kijana anapaswa kuambiwa tangu mwanzo kuwa siri yake italindwa, ila maisha yake yakiwa hatarini mtu mzima mwingine atahusishwa.

Siku ya kumi na moja

Kambi nyingi hufia kwenye basi la kurudi. Kijana amecheka, amelia, amepata marafiki. Anashuka kituoni na kukuta nyumba ileile, ugomvi uleule, ukimya uleule, na sasa marafiki wake wako mikoa mitatu mbali. Waandaaji wanahesabu picha na vyeti.

Lesotho ina mfano wa kufuatwa. Shirika la Sentebale, lililoanzishwa mwaka 2006, lilifungua kituo cha Mamohato mwaka 2015 kwa ajili ya kambi za wiki moja za watoto na vijana wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wengi wakiwa wamebeba siri na majonzi. Baada ya kambi, vijana huingia katika vilabu vinavyokutana kila mwezi karibu na makwao. Huko Mara, Tanzania, kituo cha Masanga kimekuwa kikiwapokea wasichana wanaokimbia ukeketaji katika msimu wa Desemba. Lengo lake si sonona, lakini kazi yake ngumu kuliko zote ni ileile: kuzungumza na wazazi kabla binti hajarejeshwa, na kuendelea kufuatilia baada ya kurejeshwa.

Shule, parokia au msikiti unaotaka kuandaa kambi Desemba ijayo hauhitaji jengo jipya. Unahitaji kundi la vijana wanane hadi kumi kwa kila kiongozi, na kiongozi huyohuyo mwanzo hadi mwisho. Unahitaji kikao kimoja cha mazungumzo kila asubuhi chenye mwongozo, na jioni zisizoachwa bila mtu mzima. Vijana wachanganywe, wenye shida na wasio nayo, ili kambi isipewe jina la kambi ya wagonjwa na ili kicheko cha kundi kisilipe mambo mabaya. Hospitali ya wilaya ijulishwe mapema, na awepo mtu wa kupigiwa simu usiku. Namba 116, simu ya bure ya watoto nchini Kenya, Tanzania na Uganda, iandikwe mahali ambapo kila kijana ataiona na kuikariri.

Wazazi waitwe mara mbili, kabla ya kambi na siku ya mwisho, na katika mkutano wa pili kila kijana amwambie mzazi au mlezi wake jambo moja analoomba libadilike nyumbani, akiwa amelifanyia mazoezi. Kikao cha kwanza baada ya kambi kifanyike kabla ya wiki mbili kwisha, na vingine viendelee hadi mwisho wa muhula wa kwanza, vikiongozwa na mwalimu wa malezi aliyekuwepo kambini. Fedha za vikao hivyo zitengwe kabla ya fedha za fulana na tamasha la kufunga. Ikiwa bajeti inatosha ama siku kumi za kambi bila ufuatiliaji, ama siku tano na vikao vya muhula mzima, waandaaji wachague siku tano.